Uvimbe wa Titi Usitupwe: Upimwe Kwanza, Ndipo Utibiwe

Siku hizi ukienda zahanati ukiwa na homa, hupewi dawa ya malaria papo hapo. Kwanza unachomwa kidole. Tone moja la damu linawekwa kwenye kipimo. Baada ya dakika chache jibu linatoka. Kama ni malaria, unapewa dawa ya malaria. Kama si malaria, unatafutwa ugonjwa mwingine. Zamani haikuwa hivyo. Karibu kila homa iliitwa malaria, na kila mgonjwa alimeza dawa ileile. Wengine walipona. Wengine walikufa kwa ugonjwa mwingine, huku dawa ya malaria ikiwa tumboni.

Wafugaji wanalijua jambo hili. Ng'ombe mwenye ndigana na ng'ombe mwenye ndorobo wote hupata homa na kudhoofika. Lakini dawa ya ndorobo haiponyi ndigana. Mkulima wa pamba naye analijua. Dawa inayoua mdudu mmoja huenda isimwue mwingine. Ndiyo maana mkulima hodari hugeuza jani kwanza, akaangalia ni mdudu gani, ndipo anapobeba bomba mgongoni.

Leo nataka tuzungumze juu ya uvimbe wa titi. Katika jambo hili, wengi wetu bado tunanyunyiza dawa kabla ya kugeuza jani. Mama anapata uvimbe, anapakwa dawa ya mitishamba miezi sita. Au uvimbe unakatwa mahali fulani, unatupwa shimoni, na mama anaambiwa aende nyumbani, amepona. Hakuna aliyeupima. Hakuna anayejua ulikuwa ni uvimbe gani. Mwaka unaofuata uvimbe unarudi, na safari hii umefika kwapani.

Maoni yangu ni haya. Uvimbe wowote unaotolewa kwenye titi usitupwe. Kipande chake kipelekwe maabara. Na majibu yasomwe kabla ya dawa kuchaguliwa. Hii ni haki ya kila mama wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, sawa na mama wa Dar es Salaam. Nitaeleza kwa nini.

Uvimbe si wa aina moja

Kwanza tuondoe hofu. Si kila uvimbe wa titi ni kansa. Uvimbe mwingi si kansa. Mama anayenyonyesha anaweza kupata jipu. Titi huwa jekundu, lina joto na linauma sana. Msichana anaweza kupata kiuvimbe laini kinachoteleza chini ya kidole. Wengine hupata mfuko wa maji au wa maziwa ndani ya titi. Haya yote yana tiba yake.

Lakini kansa nayo huanza kama kiuvimbe kidogo. Tena mara nyingi mwanzoni haiumi. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mama anasema, "Hakiniumi, nitakwenda baada ya mavuno." Ndugu yangu, kutouma si dalili ya usalama. Nenda kituo cha tiba mapema ukiona moja ya dalili hizi:

Uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani.
Ngozi ya titi iliyokunjamana na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
Chuchu iliyoingia ndani, na zamani haikuwa hivyo.
Damu au majimaji yanayotoka kwenye chuchu.
Kidonda cha titi kisichopona.
Titi moja kubadilika umbo.

Dalili hizi haziwahusu wanawake peke yao. Wanaume nao hupata kansa ya titi, ingawa ni wachache sana. Katika wagonjwa 100 wa kansa hii, mwanamume ni kama mmoja.

Hapa Tanzania kansa ya titi ni ya pili kwa wanawake. Ya kwanza ni kansa ya mlango wa kizazi. Taarifa ya tathmini ya huduma za titi nchini, iliyotolewa mwaka 2017, ilionyesha kwamba kati ya kila wanawake 10 wanaogundulika, karibu 8 hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa au umekuwa mkubwa. Fikiri jambo hilo. Wanane kati ya kumi wanafika jua limekwisha kuzama.

Jinsi uvimbe unavyopimwa

Mganga hawezi kuijua kansa kwa kugusa tu. Hata daktari bingwa hawezi. Picha ya titi husaidia, lakini jibu la kweli hutoka kwenye nyama yenyewe.

Daktari humchoma mgonjwa sindano ya ganzi. Kisha hutumia sindano nene kuchukua vipande vidogo vya uvimbe. Kila kipande ni chembamba, kama njiti ya kiberiti. Vipande hivyo huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhi iitwayo formalini. Chupa hupelekwa maabara. Huko nyama hukatwa vipande vyembamba mno, huwekwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Mtaalamu huiangalia kwa hadubini.

Jibu la kwanza analolitafuta ni hili: Je, ni kansa au si kansa?

Kama ni kansa, kazi haijaisha. Kuna swali la pili, na hili ndilo ambalo wengi hawalijui: Je, ni kansa ya aina gani? Inakula nini ili ikue?

Ninyi mnaolima mahindi na mtama mnalijua gugu la kiduha. Kiduha hakijitafutii chakula chote chenyewe. Hung'ang'ania mzizi wa mhindi, kikanyonya. Ziko kansa za titi zinazofanana na kiduha. Chembe zake zina milango midogo. Milango hiyo hupokea homoni za kike, yaani vichocheo ambavyo mwili wa mwanamke huvitengeneza wenyewe. Kansa inapokea vichocheo hivyo na inakua.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uskoti, George Beatson, alieleza kwamba alipowatoa wagonjwa wa kansa ya titi mifuko ya mayai ya uzazi, uvimbe ulinywea. Wakati ule homoni zilikuwa hazijajulikana vizuri. Leo hatuhitaji kisu kwa kila mgonjwa wa aina hiyo. Kipo kidonge kiitwacho tamoksifeni. Kidonge hiki huziba ile milango. Mgonjwa humeza kila siku, kwa kawaida miaka mitano au zaidi. Si dawa mpya. Imetumika duniani tangu miaka ya 1970.

Lakini sikiliza vizuri. Kama kansa haina milango hiyo, tamoksifeni haina kazi. Mgonjwa atameza miaka mitano bure, na ugonjwa utaendelea.

Iko kansa nyingine yenye alama iitwayo HER2. Alama hii ikiwa nyingi, kansa hukua upesi. Hiyo ina sindano yake, trastuzumabu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo katika orodha ya dawa muhimu. Na iko kansa isiyo na milango ya homoni wala alama ya HER2. Hiyo mara nyingi hupigwa kwa dawa kali za kansa zinazotiwa kwenye mshipa, pamoja na upasuaji na mionzi.

Kwa hiyo wanawake watatu wa kijiji kimoja wanaweza kuwa na uvimbe unaofanana kwa macho. Mmoja anahitaji kidonge. Wa pili anahitaji sindano ya HER2. Wa tatu anahitaji dawa kali za mshipani. Ukiwapa wote dawa moja, umemsaidia mmoja na kuwapotezea wakati wengine wawili. Anayeweza kuwatofautisha ni mtu wa maabara, na hawezi kufanya hivyo kama uvimbe umetupwa shimoni.

Wenzetu wanasoma jeni za uvimbe

Katika nchi tajiri wamekwenda mbele zaidi. Wanasoma jeni za uvimbe. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Mbegu ya pamba ina maagizo ya kuwa pamba, na mbegu ya mtama ina maagizo ya kuwa mtama. Chembe ya kansa nayo ina maagizo. Mengine huiambia ikue haraka, mengine huiambia ikue polepole.

Kiko kipimo cha Marekani kinachosoma jeni 21 za uvimbe wa titi. Kisha kinatoa namba kati ya 0 na 100. Namba ikiwa ndogo, kansa ina uwezekano mdogo wa kurudi. Namba ikiwa kubwa, hatari ni kubwa. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa kipimo hicho. Wanawake zaidi ya 10,000 walishiriki. Wote walikuwa na kansa inayolishwa na homoni, isiyo na alama ya HER2, na ilikuwa haijafika kwenye tezi za kwapani. Ilionekana kwamba wengi wenye namba ya katikati hawakupata faida ya ziada kwa kupewa dawa kali za mshipani. Dawa ya kuzuia homoni iliwatosha. Baadhi ya walio na miaka 50 au chini yake ndio walioonekana kupata faida kidogo.

Maana yake ni kubwa. Dawa za mshipani huokoa maisha ya wengi, lakini zina taabu. Nywele hunyonyoka. Mgonjwa hutapika. Nguvu za damu hupungua. Safari za hospitali huwa nyingi. Kama kipimo kinaweza kusema kwamba mama huyu hazihitaji, kimemwokoa na mateso na gharama.

Kipimo hicho hugharimu maelfu ya dola. Hospitali zetu za mkoa hazina. Lakini tusikae tukilia. Vile vipimo vya kwanza, yaani cha kansa au si kansa, cha homoni na cha HER2, vinafanyika hapa nchini. Mwanza kuna Hospitali ya Bugando, yenye maabara ya kupima nyama na madaktari wa kansa. Dar es Salaam kuna Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoanza kuonyesha njia ya matibabu. Hata huko Marekani, hakuna anayepimwa jeni 21 kabla ya vipimo hivyo vya kwanza kufanywa.

Tena iko habari njema iliyo karibu nasi. Wengi wenu mnaijua mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu kwenye makohozi. Mashine hizi zimesambazwa katika hospitali nyingi nchini. Kampuni iliyoitengeneza imetengeneza pia kipimo cha uvimbe wa titi kinachotumia mashine hiyohiyo. Kinasoma jeni nne, pamoja na zile za milango ya homoni na ya HER2. Jibu hutoka kwa muda usiozidi saa mbili hivi, baada ya nyama kutayarishwa. Jirani zetu wa Rwanda wamekijaribu kwa nyama zilizotayarishwa katika hospitali ya Butaro. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Hasa kwa upande wa homoni, majibu yalikaribiana vizuri na yale ya njia ya kawaida.

Kipimo hicho hakiondoi kazi ya hadubini. Lazima kwanza mtaalamu aseme kama ni kansa. Hata hivyo mimi naona wakubwa wetu wa afya wangelitazama jambo hili kwa macho mawili. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu inaweza siku moja kuwasaidia mama zetu pia.

Jeni za uvimbe si laana ya ukoo

Nimetaja jeni. Huenda mtu akasema, "Basi kansa ni ya ukoo. Binti wa nyumba ile asiolewe." La, hasha. Tutofautishe mambo mawili.

Kipimo nilichokieleza kinasoma jeni za uvimbe wenyewe. Maagizo hayo yameharibika ndani ya uvimbe. Mama hakuyarithi kwa wazazi wake, wala hatamrithisha mtoto.

Ni kweli kwamba ziko familia chache zinazorithi hatari ya kansa ya titi. Katika wagonjwa 100, wa namna hiyo ni kati ya 5 na 10 tu. Hatari hiyo inaweza kupita kwa baba au kwa mama. Binti wa familia hiyo hana kosa. Anachohitaji ni kumweleza mganga mapema kwamba mama yake au shangazi yake aliugua, ili aangaliwe kwa karibu. Kumnyima posa hakumkingi mtu yeyote na ugonjwa. Huwafanya watu waufiche tu.

Je, kisu huamsha kansa?

Vijijini mwetu kuna maneno yanayowatisha watu. Wanasema, "Uvimbe usiguswe na kisu wala sindano. Ukiguswa unaamka, na mgonjwa anakufa." Maneno haya hayakutoka hewani. Watu wamemwona jirani amekwenda hospitali, amechomwa sindano, na baada ya miezi michache amefariki.

Lakini tujiulize: jirani yule alikwenda lini? Alikwenda titi likiwa kidonda. Alikwenda ugonjwa ukiwa kwenye mifupa na mapafu. Aliyekuja kuzima moto paa likiwa limekwisha kuanguka hawezi kuambiwa kwamba ndiye aliyewasha. Sindano ilikuta ugonjwa umeshatembea. Mama anayepimwa uvimbe ukiwa mdogo kama punje ya hindi ana nafasi kubwa ya kupona.

Kwa waganga wa jadi nina ombi, si matusi. Watu wanawaamini. Mara nyingi mgonjwa hufika kwenu kabla ya kufika kwetu. Mkiona uvimbe wa titi, msiupake dawa inayounguza. Ngozi ikiungua, kidonda hufunguka na kazi ya daktari huwa ngumu. Mwambieni mgonjwa akapimwe kwanza. Mganga anayempeleka mgonjwa hospitali mapema hajashindwa kazi. Ameifanya vizuri.

Chupa isafiri, si lazima mama asafiri

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mtu anaambiwa, "Nenda Mwanza ukapimwe." Kusema ni rahisi. Mama wa Nkololo au wa Mwanhuzi anahitaji nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza. Anahitaji mahali pa kulala na chakula. Nyumbani ameacha watoto, mifugo na shamba. Pamba haijauzwa. Basi anasema, "Nitakwenda mwezi ujao." Mwezi ujao unakuwa mwaka ujao.

Mimi nasema hivi. Kwa kipimo cha kwanza, si lazima mama asafiri. Kipande cha nyama kinaweza kuchukuliwa na daktari katika hospitali iliyo karibu, kisha chupa isafiri. Basi hutoka Bariadi likapita Lamadi na Magu, likafika Mwanza siku ileile. Chupa haili, hailali nyumba ya wageni, wala haiachi watoto nyumbani.

Jambo hili si geni. Makohozi ya wanaohofiwa kuwa na kifua kikuu husafirishwa kutoka zahanati hadi kwenye mashine. Matone ya damu ya watoto wachanga husafirishwa kupimwa virusi vya UKIMWI. Kama makohozi yana siku yake ya safari, kwa nini nyama ya titi isiwe nayo? Naomba kila hospitali ya wilaya iwe na siku moja katika wiki ya kupeleka chupa Mwanza. Iwe na daftari la chupa zilizotoka na majibu yaliyorudi. Iwe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye kazi yake ni kumpigia mgonjwa simu jibu likifika.

Wengine watasema, "Gharama itatoka wapi?" Gharama ipo leo, ila mzigo wote ameubeba mama na familia yake. Ng'ombe anauzwa kwa ajili ya safari ya kupima tu, na matibabu yanapofika zizi ni tupu. Ni afadhali fedha ile itunzwe kwa ajili ya tiba.

Lakini chupa isafiri vizuri. Nyama ya uvimbe ni kama maziwa. Ukiichelewesha inaharibika, na majibu yanakuwa ya uongo. Iingizwe kwenye formalini mara tu inapotolewa, isipite saa moja. Isiwekwe kwenye maji, wala chumvi, wala pombe kali. Formalini iwe nyingi, kama mara 10 ya nyama. Chupa isikae kabatini majuma kadhaa, kwa sababu kipimo cha homoni huweza kuharibika. Formalini ni sumu. Ukikabidhiwa chupa uipeleke mwenyewe, usiifungue, na iwe mbali na watoto.

Kusoma kwako kuna kazi hapa

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika vijijini kusikiliza redio na kusoma vitabu vidogo katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hawakusoma ili wasifiwe. Walisoma ili watende.

Wewe uliyejifunza kusoma, fanya vivyo hivyo. Siku mama, dada au mke wako anapotolewa uvimbe, chukua daftari na kalamu. Kwanza soma jina lililoandikwa kwenye chupa. Je, ni jina lake? Limeandikwa sawasawa? Namba ya simu iko kwenye fomu? Chupa isiyo na jina ni sawa na uvimbe uliotupwa. Chupa yenye jina la mwingine ni hatari zaidi, maana inampa mtu mmoja dawa ya mtu mwingine.

Kisha uliza maswali haya manne, na uandike majibu:

1. Kipande hiki kinapelekwa maabara gani, na majibu yatarudi lini?
2. Je, ni kansa au si kansa?
3. Kama ni kansa, inalishwa na homoni? Ina alama ya HER2?
4. Dawa uliyotuchagulia inatokana na jibu lipi?

Usiogope kuuliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Daktari mzuri hafurahii mgonjwa anayekaa kimya. Na majibu yakirudi, yafuate. Karatasi ya majibu iliyolala hospitali haijamsaidia mtu. Ihifadhi mahali pakavu pamoja na kadi ya hospitali, kwa sababu kila daktari atakayefuata ataihitaji.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa dunia nzima wa kansa ya titi. Mpango huo unataka mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha tiba mara ya kwanza. Siku 60 ni miezi miwili. Ni karibu muda wa pamba kuota hadi kuanza kuchanua. Zihesabu siku hizo kwenye daftari lako. Ukiona siku 30 zimepita hujasikia neno, rudi ukaulize.

Kina baba, hili ni lenu pia

Neno la mwisho ni kwa kina baba. Katika nyumba nyingi za kwetu, baba ndiye anayesema ng'ombe auzwe au asiuzwe. Ndiye anayepokea fedha ya pamba. Mkeo akikwambia ana uvimbe, usimwulize kama unauma. Mwulize mtakwenda lini. Ukimsindikiza mwenyewe atapata nguvu. Na kama daktari akisema titi lazima litolewe, usimwache. Mwanamke aliyetolewa titi bado ni mke, bado ni mama, na bado mkono wake unashika jembe. Wako wanaume wanaokimbia nyumba siku hiyo. Kijiji kiwaonye.

Ndugu msomaji, mambo ya kushika ni machache. Uvimbe wa titi usisubiri mavuno. Uvimbe uliotolewa usitupwe. Chupa iwe na jina, na isafiri upesi. Majibu yasomwe kabla ya dawa. Wenzetu wa mbali wanasoma jeni 21. Sisi tuanze na maswali manne. Yasome leo katika kikundi chenu cha kisomo. Asiyejua kusoma asomewe. Kisha mkubaliane ni nani atakayemsindikiza mama wa kwanza atakayesema, "Nimegusa kitu hapa."

Tabibu Msaidizi wa zahanati,
Wilaya ya Bariadi